Siku Nikiwa Mgeni

Shangazi kanambia neno Jumatatu asubuhi na mpaka leo halijanitoka. Mdogo wangu kaolewa Makunduchi, meneja mpya kaanza kazi, umeme umekatika ukarudi. Yote yamepita, hilo bado lipo.

Nilikuwa nakunja mikeka ufukweni baada ya yoga ya wageni wa hoteli ninayosomesha. Bamvua, maji yametoka mbali, na kina mama wanarudi na mwani wao. Shangazi akatua gunia mchangani, akashika kiuno.

"Mwalimu, na sisi unatusomesha lini?"

"Shikamoo, shangazi. Hapa ndio utaratibu wao, mpaka uwe mgeni."

"Marahaba. Haya mwanangu, siku nikiwa mgeni nitakuja."

Hakukasirika. Alijitwika gunia akaenda zake. Mgeni, yeye? Aliyeanza kufunga mwani hapa Paje, Unguja, kilimo chenyewe kilipoanza, mwaka 1989? Nafua, namsikia. Nipo kwenye daladala, namsikia. Angelisema kwa hasira ningelipata la kumjibu.

Mnajua nilivyoifurahia kazi hii. Zamani mgeni wa Paje alifuata kaiti, ule mchezo wa kuvutwa na tiara juu ya maji, anangoja kaskazi au kusi, basi. Siku hizi anafika wiki yake imeshapangwa: yoga jua likichomoza, mbio za ufukweni maji yakitoka, vyuma jioni, na saa mkononi inamhesabia hatua mpaka usingizi. Kwa hivyo hoteli zinatafuta walimu wa mazoezi, na sisi wanawake wa shamba tumepata mlango. Hilo ni jema na nalishukuru.

Lakini viuno vinavyouma viko upande wa pili wa ukuta. Mwani mbichi mzito. Cottonii, aina ya mwani yenye bei, inakufa maji yakipata joto, basi wanaifuata kina kirefu, na wengi wao hawajui kuogelea. Mjini kuna vikundi vya mazoezi vinavyokimbia barabarani alfajiri, na kila Januari 1 vinakutana kwenye siku yao kubwa. Kuna na jimu zilizotenga saa za wanawake peke yao. Kwa kina shangazi hakuna kitu.

Yakaingia maji mafu, pwani haina kazi. Alhamisi baada ya Alasiri nikaenda kwake. Sikumwambia mtu, lakini uani nimewakuta kina mama wamejaa, mikeka ya ukili imetandikwa, mlango umetiwa komeo na watoto wa kiume wametolewa nje. Nikawaonesha kuinamia kwenye nyonga badala ya kukunja mgongo, tukalinyanyua gunia kwa zamu. Kisha wakalala chali, magoti kifuani. Kimya kwanza, halafu Shangazi akasema, "Loo, mgongo umefunguka!" Ukazuka mcheko uani mzima, na mimi nikacheka mpaka machozi. Sijawahi kuwa na darasa kama lile. Jirani yake, bibi mtu mzima, kanishika mkono wakati wa kutoka: anataka kujua kuogelea. Nitamsomesha, na atakayetaka kumfuata aje, tutafute pahala pa stara tu.

Nimerudi nyumbani mwepesi kabisa.

Lakini nyumbani kuna wasiwasi mwengine: kaka hajapiga simu kutoka Muscat, anakofanya kazi, tangu Ijumaa iliyopita. Ujumbe wangu unaonesha haujafika. Mama kaniuliza mara mbili leo, nikamwambia huenda ni mtandao tu, na mkataba wake wa kazi unamalizika mwezi huu.