EAT-3, siyo EAT+3

Ruta za hosteli zimenishika leo asubuhi nzima. Ni zile ndogo zenye OpenWrt (mfumo wa bure wa kuendesha ruta), zimepangwa Wi-Fi izime 00:00 na iwake 06:00 ili madogo walale, ila matroni analalamika watoto wanakesha na simu halafu asubuhi wakitaka kusoma intaneti hakuna mpaka saa sita mchana.

Nikaingia kwenye ruta kwa mbali kupitia SSH nikaandika date, ikaja 02:10 na pembeni EAT, yaani saa za Afrika Mashariki. Matroni kachungulia, "mbona iko sawa kaka, si saa mbili na dakika kumi hii?" Nikamwambia mama subiri kidogo, nikaandika date -u, ile inayoonyesha saa ya dunia UTC, ikaleta 05:10, basi hapo kila kitu kikawa wazi. UTC ikiwa 05:10 sisi tunatakiwa tuwe 08:10, ruta imerudi nyuma masaa sita.

Kwenye /etc/config/system aliyeseti mwanzo aliweka timezone 'EAT+3', na simlaumu kabisa, maana kila mahali tunasoma Tanzania na Kenya ni UTC+3. Ila kanuni ya POSIX, ule mwongozo ambao ruta inaufuata kusoma zoni, inaenda kinyume, ile namba inataka kujua ufanye nini kwenye saa yako ili uipate UTC, na sisi tuko mbele kwahiyo tunatoa, inakuwa EAT-3. Ukikosea ruta haigomi wala haitoi erori yoyote, hata EAT inakuandikia vilevile kwa sababu hizo herufi ni lebo tu.

Kinachoniumiza kichwa ni kwamba kwetu sisi hili kosa linajificha. Masaa sita ndo tofauti ileile ya saa ya Kiswahili na ya kizungu, sasa mtu akiona 02:10 saa mbili asubuhi ataona mbona poa, wakati cron, ile programu ya ratiba, inazima Wi-Fi saa kumi na mbili asubuhi na tarehe inageuka muda huohuo, logi zote za usiku zinasoma jana. Mtu wa London angeshtuka palepale.

Kurekebisha ni dakika chache, uci set system.@system[0].timezone='EAT-3', zonename nikaweka 'Africa/Dar_es_Salaam', uci commit system, /etc/init.d/system reload, halafu cron lazima uirestati maana programu ambayo tayari inatembea inaweza kubaki na zoni ya zamani. Tushukuru huku hatuna mambo ya kusogeza saa kiangazi, London wanabeba GMT0BST,M3.5.0/1,M10.5.0 sisi herufi tatu na namba tumemaliza. Nairobi yenyewe iko +3 tangu 1942, kabla ya hapo ilikuwa masaa mawili na dakika 45, fikiria ungeiandika hiyo.

Ofisi nao wameuliza kama ile skrini ya bwaloni inaweza kuonyesha saa ya Kiswahili. Inaweza, na naitaka sana iwe hivyo, ila siyo kwa kuchezea zoni. Saa ya ndani ibaki UTC, zoni ibaki EAT-3, alafu programu ya skrini ndo itoe sita wakati wa kuonyesha, tena iandike asubuhi, mchana au usiku mbele yake. Ukipitia kwenye zoni unaharibu tarehe, cron na logi kwa mpigo.

Kilichobaki ni umeme. Hizi ruta hazina betri ya saa, zikizima na kuwaka zinachukua muda wa faili jipya kuliko yote ndani ya /etc kisha zinasubiri NTP, yaani kupata saa sahihi kwa intaneti, na laini ya intaneti ikichelewa kurudi ratiba nzima inatembea na saa ya zamani. Nimewaombea UPS ndogo (betri ya akiba umeme ukikatika), ya ruta na ya modemu pia, maana ruta peke yake ikiwaka bila laini hiyo NTP itaipata wapi.