BMW M3 E46 iliyotumika: lala chini yake kabla ya kuiwasha

Mnunuzi akishaisikia M3 ikipanda hadi mizunguko 8,000 kwa dakika, mjadala wa bei umekwisha, na muuzaji analijua hilo. Kwa hiyo ukaguzi uanzie pasipo na mlio wowote: chini ya gari, nyuma, pale sabufremu (fremu ndogo ya nyuma) inapofungwa kwenye bodi.

M3 ya kizazi cha E46 ilitengenezwa kati ya 2000 na 2006. Injini yake, S54, ina silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa cc 3,246, na farasi 343 kwa toleo la Ulaya. Kabla ya lolote soma namba ya chesesi: M3 halisi iliyotoka kiwandani huanza na WBS. Ziko 3 Series za kawaida zilizovishwa bampa na nembo za M3, na bampa hazina farasi.

Sabufremu ya nyuma hubeba difu na mikono ya magurudumu. Imefungwa kwenye sakafu ya bodi kwa pointi 4, na sakafu yenyewe ni bati jembamba. Ukikanyaga mafuta, sabufremu inajipinda upande mmoja. Ukiachia, inajipinda upande wa pili. Bati huchoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa, kisha nyufa huanza kuzunguka pointi au vidoa vya kuchomelea vinaachia. Bushi zikiwa zimekwisha, kila badiliko la mafuta linakuwa nyundo.

Pandisha gari kwenye lifti, safisha tope, angalia kila pointi kwa tochi. Rangi nzito ya kuzuia kutu inaficha nyufa, kwa hiyo sakafu ya nyuma iliyopakwa upya ikaishia hapohapo, na sehemu nyingine zimeachwa zilivyo, itilie shaka. Ukitaka uhakika kamili, sabufremu ishushwe. Matengenezo yanayodumu ni haya: kutoboa tundu dogo mwisho wa kila ufa ili usiendelee, kuchomelea ufa, kisha kuchomelea bati za kuimarisha kwenye pointi zote 4. Tangi la mafuta hutolewa kwanza na betri hufunguliwa. Gundi peke yake haitoshi. Gari lililokwisha kuimarishwa, likiwa na picha za kazi hiyo, nalipatia alama zaidi kuliko lile lenye kilomita chache ambalo halijawahi kufunguliwa.

Kwa Kiswahili kupe ni mdudu anyonyaye damu, na kupe hii (coupé) ya milango miwili hunyonya kupitia mlango wa pili: injini.

Beringi za konrodi, fimbo zinazounganisha pistoni na krankishafti, ndizo zenye jina baya. BMW iliyarudisha karakana magari ya miaka ya mwanzo, hadi yale ya karibu 2003, kwa ajili yake, na oili iliyopendekezwa ikawa 10W-60 badala ya 5W-30. Omba risiti ya kazi hiyo, lakini usifikiri imemaliza habari, kwani beringi za S54 huchakaa kama tairi. Zinaweza kubadilishwa kwa chini bila kutoa injini. Sampu (trei ya oili) hushuka, vipande vya beringi ni 12, yaani viwili kwa kila konrodi, na bolti za konrodi lazima ziwe mpya kwa sababu hutanuka zinapokazwa. Anayerudisha bolti za zamani ili kuokoa pesa anacheza na injini nzima. Kama unaweza, peleka sampuli ya oili maabara: risasi na shaba zikipanda kutoka kipimo kimoja hadi kingine, beringi zinaliwa. Ukisubiri hadi usikie kugonga, krankishafti huenda imeshachubuka.

VANOS ni mfumo unaobadilisha wakati wa kamshafti, shafti zinazofungua valvu, kwa mgandamizo wa oili. Pampu yake inazungushwa na meno mawili ya habu ya kamshafti ya ekzosi, yanayoingia kwenye matundu ya kisahani cha pampu. Matundu yakiwa mapana kidogo, meno yanagongagonga hadi yanavunjika, na kipande kinaweza kuangukia kwenye cheni. Bolti za habu nazo hulegea. Kazi kamili ina kisahani chenye matundu yanayobana, bolti mpya na sili mpya. Kubadilisha sili tu na kuacha meno ni kupaka poda kwenye jino bovu.

Valvu za S54 hazijirekebishi zenyewe. Hupimwa injini ikiwa baridi, ikiwezekana baada ya kulala usiku kucha: za kuingiza hewa milimita 0.18 hadi 0.23, za ekzosi 0.28 hadi 0.33, na hurekebishwa kwa vijisahani vya unene tofauti. Kila kilomita 48,000 hivi ni ratiba inayofaa. Muulize muuzaji vipimo vya mara ya mwisho. Akijibu kwamba injini haina kelele, hakuna aliyepima.

Upande wa kupoza injini ni wa haraka. Tangi la maji ni la plastiki, hupasuka kwa uzee. Libadilishe pamoja na hosi, thamostati na pampu ya maji kwa mkupuo mmoja. Usitegemee sindano ya joto, kwani hukaa katikati hata joto likipanda na kushuka sana. Ikianza kuhama, umeshachelewa.

Kama gari lina SMG, giaboksi inayobadilishwa kwa haidroliki bila klachi ya mguu, sikiliza pampu ya haidroliki unapofungua mlango wa dereva, kisha jaribu kubadilisha gia likiwa baridi na likiwa la moto. Ndani yake ni giaboksi ileile ya mkono yenye gia 6, ndiyo maana wengi huzigeuza kuwa za klachi ya mguu.

Tairi za nyuma zikiwa zimeliwa ukingo wa ndani tu, anza na bushi za mikono ya nyuma kabla ya kulipia alaimenti.

Oili ni lita 5.5 pamoja na filta. Ratiba ya kompyuta ya gari ni ndefu mno kwa injini hii. Mimi nachukua nusu yake. Na taa za njano kwenye geji ya mizunguko si pambo: huzimika moja baada ya nyingine oili inavyopata joto, na hadi zizimike, mguu ukae juu juu. Muuzaji anayeikanyagia injini baridi ili kukufurahisha amekuonyesha jinsi alivyokuwa akiiendesha kila asubuhi.