Tumempoteza mchezaji ngoma

Jamani Bagamoyo, bado siamini kama tumemzika yule binti. Hata miaka 22 hakufika.

Mliomwona akicheza Sindimba mnajua ninachosema. Kiuno kinazunguka, mabega yametulia kabisa, na uso unakutazama wewe uliyekaa kule nyuma. Sindimba ni ngoma ya Wamakonde na yeye mtoto wa Kizaramo, lakini nimewaona wazee wa Kimakonde wakinyanyuka kwenda kumtunza. Mdundiko, ngoma ya kwao Wazaramo, ndiyo usiseme, huo amekua nao mtaani kabla hajaanza shule.

Ambacho wengi hamkukiona ni mazoezi. Jioni wenzake wameshavua njuga, yeye ananing'ang'ania na ngoma yangu, hatua moja ileile. "Kaka, nipigie tena, mguu wa kushoto unachelewa." Mimi sioni kuchelewa kokote. Yeye alikuwa anakusikia kwenye njuga.

Aliugua muda mfupi, akaondoka. Allah amrehemu.

Tangu Chuo cha Sanaa kianze hapa mwaka 1981, ambacho leo kinaitwa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), mji huu umepitiwa na wachezaji wengi hodari. Huyu kwangu alikuwa wa mstari wa mbele, na inaniuma sana kwamba nchi haikuwahi kumjua.

Mama yake hana hata video moja ya mwanawe akiwa jukwaani. Mwenye nayo, hata kipande kifupi chenye kelele za watu, anitumie kwenye ujumbe nimpelekee.