Siku moja maishani mwangu: basi la shule, baridi ya Minnesota na dawa ya Popo

Saa 10 alfajiri

Simu haijapata nafasi ya kulia, Popo ameshafika mlangoni. Namsikia kabla sijamwona: anahema kwa nguvu, kucha zinagonga sakafu. Nje ni nyuzi 22 chini ya sifuri. Mbwa mwenye manyoya yake yote angeivumilia baridi hiyo kwa dakika chache, lakini Popo mgongo wake ni mtupu na ngozi imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Namvalisha koti na viatu vyake, nambeba hadi kwenye kiraka nilichokwangua theluji jana usiku, anakojoa, tunarudi ndani mbio.

Popo ni dakshundi jike wa miaka 11, kilo 9, miguu mifupi na masikio makubwa yaliyompa jina. Binti yetu Neema alimleta nyumbani akiwa darasa la nne, akaapa kwamba atamtunza mwenyewe. Sasa Neema yuko chuo kikuu katika jimbo jingine, na aliyebaki na kiapo hicho ni mimi.

Saa 11 alfajiri

Chakula na kapsuli, kwa pamoja. Dawa inaitwa trilostani, ya ugonjwa wa Cushing alio nao Popo, na tumbo likiwa tupu mwili hauinyonyi vizuri. Kwa hiyo anakula nusu bakuli kwanza, halafu kapsuli ya miligramu 10 iliyofichwa ndani ya kipande cha kuku, halafu nusu iliyobaki. Nyingine ataipata saa 11 jioni. Kapsuli haifunguliwi, na anayeishika ni mimi au mama Neema tu. Shemeji yangu tunayeishi naye ana mimba, na dawa hii inachezea homoni. Wajawazito wamekatazwa kuigusa. Chupa inakaa juu kabisa ya kabati.

Kabla ya dawa, naangalia kama ana hamu ya kula. Ugonjwa wa Cushing, yaani mwili kuzidiwa na homoni iitwayo kotisoli, humpa mbwa njaa isiyokwisha. Kuna siku Popo alipanda kiti, kutoka kwenye kiti akapanda meza, akamaliza ugali wa watu watatu na miguu yake hiyo hiyo mifupi. Sasa mbwa wa namna hiyo akiona kuku akageuza uso, kapsuli hapewi, unampigia daktari. Huenda dawa imeshusha kotisoli kupita kiasi, na mwili uliokosa kotisoli hauchelewi kuporomoka: kutapika, kuhara, kutetemeka, kulegea. Tuna vidonge vichache vya dharura vya prednisoloni, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli, ambavyo daktari ametupa pamoja na maelekezo. Leo bakuli linasukumwa hadi ukutani. Vizuri.

Halafu leo ni siku ya kipimo. Damu inatakiwa ichukuliwe kati ya saa ya nne na ya sita tangu ameze dawa. Ukichelewa, majibu hayasemi ukweli wa dozi. Nimeipanga siku kwa kufuata zamu yangu: kapsuli alfajiri hii, basi la asubuhi, kliniki saa 3 na nusu.

Saa 12 kasorobo

Yadi ya mabasi. Usiku kucha injini zimechomekwa kwenye umeme ili zisigande. Nazunguka basi na tochi: taa, tairi, breki, mlango wa dharura, ile alama ya kusimama inayofunguka ubavuni. Kazi hii inakuzoesha kutazama kitu kile kile kila siku mpaka badiliko dogo likupigie kelele.

Hata hivyo, aliyeutambua ugonjwa wa Popo ni mama Neema, ambaye anafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Jioni moja mwaka jana alimweka mapajani, akapapasa tumbo lililoning'inia, mapaja yaliyokonda, manyoya yaliyonyonyoka sawasawa ubavu huu na ule. Akasema, "Baba Neema, huyu anafanana na wazee wangu waliotumia prednisoloni miaka mingi." Alikuwa amepiga mle mle. Kotisoli ni steroidi ambayo mwili hujitengenezea; prednisoloni ni ndugu yake wa kiwandani. Zikizidi, ya mwilini au ya dukani, misuli huliwa, ngozi hupungua unene, tumbo hushuka.

Ndiyo maana swali la kwanza la daktari lilikuwa kama Popo amewahi kupewa vidonge, sindano, au hata matone ya masikio yenye steroidi. Iwapo ni dawa iliyoleta ugonjwa, tiba yake ni kuipunguza polepole, na si ya kukatisha ghafla. Hakuwahi kupewa. Basi tukaingia kwenye foleni ya vipimo.

Saa 12 na robo hadi saa 3

Watoto wa shule ya msingi, wengi wao wa wazazi wa Kisomali, wachache wa kwetu. Makoti yao ni mazito kiasi kwamba viti vya watatu vinatosha wawili. Wanajua habari za Popo kwa sababu niliwaonyesha picha siku tuliyokwama kwenye foleni ya magari. Msichana wa kiti cha mbele ameniuliza leo kama mbwa wangu bado ana mimba. Nikamwambia hana mimba, ana tumbo tu. Akafikiri kidogo, akasema hata babu yake.

Shule ya mwisho, watoto wakishashuka, natembea hadi kiti cha nyuma kabisa kuangalia kama kuna aliyelala. Sijawahi kuona dereva mwenye akili anayeruka hatua hiyo. Narudisha basi, nakimbia nyumbani kumchukua Popo.

Saa 3 na nusu

Kliniki. Wanachukua damu ya kwanza, wanamchoma sindano ya homoni ya kutengenezwa inayoziamrisha tezi za adrenali, zile mbili zilizo karibu na figo, zitoe kotisoli yote ziwezayo. Baada ya saa moja wanachukua damu ya pili. Kotisoli ya damu hiyo ya pili ikiwa juu sana, dawa haitoshi. Ikiwa chini sana, dawa inasimamishwa.

Saa moja ya kukaa tu. Nakaa kwenye gari, hita imewashwa, na mawazo yanarudi kwenye wiki zile za kuchagua.

Kipimo kilichotoa jibu kilichukua siku nzima. Popo alichomwa steroidi iitwayo deksamethasoni, kidogo sana, damu ikachukuliwa mwanzo, baada ya saa nne, na baada ya saa nane. Mbwa mzima, ubongo wake ukihisi steroidi imeingia, huziambia adrenali zinyamaze. Za Popo hazikunyamaza. Picha ya ultrasaundi ikaonyesha adrenali zote mbili zimenenepa kwa pamoja, dalili kwamba anayezichochea yuko juu, kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo. Hivyo ndivyo ilivyo kwa zaidi ya mbwa wanane kati ya kumi wenye ugonjwa huu: uvimbe mdogo, mara nyingi usio saratani, unaotoa amri bila kukoma. Waliobaki uvimbe wao uko kwenye adrenali yenyewe, na hapo upasuaji unaweza kuwa ndiyo tiba. Jina la ugonjwa ni la Harvey Cushing, Mmarekani aliyekuwa akipasua ubongo, na aliyemweleza mgonjwa wake wa namna hii, binadamu, mwaka 1912.

Daktari alitupangia njia zote mezani, na nampenda kwa hilo. Kuitoa pituitari kwa upasuaji: hospitali chache, gharama kubwa, na baada yake mbwa anategemea homoni za dawa. Mionzi: hasa pale uvimbe unapokua na kuubana ubongo, mbwa anaanza kuzunguka duara au kusukuma kichwa ukutani. Mitoteni: dawa ya zamani inayoua sehemu ya adrenali, na kwa kemia ni ndugu wa DDT, ile ile ya kuulia mbu. Inafanya kazi, ila kilichouawa kikizidi hakirudi kirahisi. Trilostani, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Desemba 2008, haiui tezi kwa makusudi. Inazuia kimeng'enya kinachohitajika kutengeneza kotisoli, na dozi ikipita nguvu yake inapita. Hatari zipo, mara chache tezi hufa nayo pia, lakini mara nyingi unaweza kurudi nyuma. Na njia ya tano: kutofanya kitu. Watu huiona kama ukatili. Daktari alituambia wazi kwamba mbwa mzee mwenye dalili ndogo, anayelala vizuri na kucheza, anaweza kuachwa na kufuatiliwa.

Popo hakuwa na dalili ndogo. Alikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo yaliyorudi rudi, hakuwa analala, nasi hatukuwa tunalala. Tukachagua trilostani, na sababu yangu kubwa haikuwa ya kitabibu. Kwenye nyumba ambayo mmoja anatoka alfajiri na mwingine anarudi asubuhi, dawa ya saa 11 na saa 11 tunaiweza. Tiba bora kwenye karatasi ambayo ratiba ya nyumba haiibebi ni mateso kwa mbwa.

Simu inaita. Moshi huko ni jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Uko kazini?"

Nikamwambia niko kwa daktari wa mbwa. Akanyamaza, akauliza kipimo ni shilingi ngapi. Nikamtajia.

"Si ndiyo ada ya muhula ya mtoto wa dada yako hiyo?"

"Ada imeshalipwa, mama."

"Kama imelipwa sina neno." Halafu akaongeza: "Ila ng'ombe wangu daktari akija, natoa hela najua kesho kuna maziwa. Huyo wako anatoa nini?"

Nikamwambia anafanya Neema apige simu nyumbani kila Jumapili. Mama akacheka mpaka akakohoa.

Saa 4 na nusu

Damu ya pili. Anatoka na bandeji ya rangi ya waridi mguuni, anamnusa paka aliyefungiwa kwenye kikapu, anatikisa mkia. Wauguzi wa kliniki wanasema ni mtulivu. Nyumbani si hivyo.

Tukifika, mama Neema amelala. Mlango wa friji una karatasi yake: "Amekojoa saa 2. Choo kizuri. Amekunywa kidogo." Tunaishi kwa karatasi hizo. Nalala saa moja na nusu, Popo miguuni.

Saa 8 mchana hadi saa 11 kasorobo

Basi tena. Watoto wa mchana wana kelele mara mbili ya wale wa asubuhi, na theluji imeanza kudondoka. Polepole, polepole, hadi yadi.

Saa 11 jioni

Kapsuli ya pili. Kisha jagi la maji. Kila jioni namimina bakuli lililobaki kwenye jagi lenye alama na kuandika alichokunywa tangu jana, nikitoa kidogo kilichomwagika. Mbwa akizidi mililita 100 kwa kila kilo kwa siku, kuna jambo. Kwa Popo mpaka huo ni 900. Kabla ya matibabu alikuwa akivuka lita moja na nusu. Leo ni 580.

Daktari anapiga simu nikiwa bado na kalamu mkononi. Kotisoli ya damu ya pili ni 4.2. Tunataka iwe kati ya 1.45 na 9.1, mikrogramu kwa desilita. "Anakunywaje? Analala? Anahema?" aliniuliza kabla ya kunipa namba, na hapo ndipo nilipozidi kumwamini. Namba nzuri kwa mbwa anayeteseka si namba nzuri. Nikamsomea daftari. Dozi inabaki ilivyo, kipimo kijacho baada ya miezi mitatu, isipokuwa tukiona kitu. Kuhusu manyoya, anasema tungoje. Hayo huchelewa, hata miezi. Nikipapasa karibu na mkia nahisi kitu kama vinyweleo, lakini mama Neema anasema ninajitakia.

Saa 2 usiku

Muda pekee ambao sote watatu tuko macho. Mama Neema anapiga pasi sare yake, shemeji amekaa na miguu kwenye stuli, tunakula wali na maharage, na Popo anapewa maharage mawili ambayo hayamo kwenye ratiba yoyote.

Tuna jambo ambalo hatujakubaliana. Mimi nasema uvimbe ukikua, Popo akianza kuzunguka duara na kupotea ndani ya nyumba yake mwenyewe, hatufanyi picha ya ubongo wala mionzi. Tunamwita daktari, tunamshika, tunamwacha aende. Mama Neema anasema picha tufanye, angalau tujue, halafu ndiyo tuamue. Yeye anaona vifo vya wazee kila wiki, na anasema kinachowaumiza jamaa si uamuzi mgumu, ni ule uliofanywa gizani. Nikamwambia mimi nitakachoshindwa ni kumbeba Popo amelewa ganzi kwa ajili ya jibu ambalo halitatubadilisha. Akaniuliza nimejuaje halitatubadilisha.

Tukampigia Neema. Naye akagawanyika: picha ndiyo, mionzi hapana. Shemeji akasema yeye ana mtoto njiani, asiulizwe. Tumeandika kwenye daftari, ukurasa wa mwisho, nyuma ya hesabu za maji: "Picha ya ubongo: bado." Kabla mama Neema hajatoka amejaza sanduku la kapsuli hadi Jumamosi, nami nimemtoa Popo nje mara ya mwisho. Ijumaa lazima niagize chupa mpya, kwa sababu zilizobaki hazifiki mwisho wa mwezi.