Jimmy Choo ni mtu au ni duka?

Juzi tuko kwenye basi, mdogo kaona bango akaniuliza, "Mama, eti Jimmy Choo ni mtu au ni duka?" Nikamwambia ni mtu, tena fundi viatu mtoto wa fundi viatu, katoka Penang kule Malaysia akaja kusomea viatu hapahapa London, Hackney, akamaliza 1983, ada anaisaidizia kwa usafi kiwandani na vibarua vya mgahawani. Princess Diana mwenyewe akaja kuwa mteja wake. Kampuni ikaanza 1996, na 2001 akauza hisa zake, nusu nzima, kwa pauni milioni 10, jina likabaki hukohuko. "Sasa hivi vya kwenye bango katengeneza nani?" Nikajifanya natafuta simu.

Maana na mimi nilishatengeneza viatu vikatoka na jina la mwingine, kwenye karakana moja ya chini ya reli, enzi zile najiita dizaina, mnanijua. Mama mmoja mwenye duka la maana, simtaji, akapenda mchuchumio niliouchora, ngozi laini ya mbuzi rangi ya zambarau, mkanda mmoja tu unazunguka nyuma ya kifundo. Akaagiza pea kadhaa. Tulikubaliana ndani litakaa jina langu, mdomoni lakini, sio kwenye karatasi. Siku ya kupiga chapa akaja na kibati chake kwenye bahasha, cha jina lake, akakiacha mezani akaenda zake kunywa kahawa.

Mzee wetu wa karakana akakifunga kwenye mashine, tukasubiri kipate moto, akanisogezea mpini. "Viatu vyako, piga mwenyewe." Nikalaza soli ya ndani, nikatandika karatasi ya dhahabu juu yake, nikavuta. Mlio kidogo tu, ssss, na harufu ya ngozi inayoungua. Ukibandua ile karatasi dhahabu ya herufi imehamia kwenye soli, na kwenye karatasi zimebaki nafasi tupu za herufi, ukiinua kwenye taa unasoma jina lake kwa mwanga. Nikazipiga chapa zote, mpaka ya mwisho, na nilizipanga sawasawa kabisa, hakuna hata moja iliyokaa upande.

Hela akalipa wiki ileile, jambo ambalo kwenye biashara hii halipo, akaagiza tena na tena, kodi ya nyumba ikawa hainisumbui. Kama niliibiwa au niliajiriwa sijui, inategemea umeniuliza siku gani.

Baadaye sana nikaviona vile viatu kwenye treni, zambarau ileile, mguuni kwa dada mmoja, mkanda wa kushoto unamtelezea. Nikashindwa kunyamaza, nikamwambia apeleke kwa fundi atobolewe tundu moja zaidi. Akashukuru, akasema wala havijamuuma, kavipata nusu bei. Nusu bei! Mimi niliyevitengeneza nilipoomba pea moja ya dada yangu niliambiwa duka hilo halina punguzo.