Sauti yake isimrudie

Nilirusha laivu hitma ya jirani yetu hapa Temeke. Kijana wa marehemu anaishi Toronto, na hakuwahi kuja kuzika. Familia ikaomba aongee kwa Zoom, asikike kwenye spika za turubaini, na ndugu wa Muscat wafuatilie YouTube. Nikakubali haraka mno.

Alipotoa salamu tu, sauti yake ikamrudia. Akanyamaza, akaanza upya, ikamrudia tena. Spika zikapiga mluzi. “Basi, ndugu zangu, tutaongea baadaye,” akakata. Mama yake alikuwa mkekani, hatua tatu kutoka meza yangu, amejiinamia na kanga yake. Usiku ule sikulala vizuri.

Kosa lilikuwa langu. Nilipeleka mchanganyiko mmoja wa sauti zote kila mahali, Zoom nayo ikapewa huohuo, sauti ya kijana ikiwa ndani. Mafundi wa redio wanalijua hili zamani: anayepiga simu studio husikilizishwa kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe.

Nikaweka VoiceMeeter Banana kwenye laptopu, programu ya Mfaransa Vincent Burel. Unaitumia bure, unachangia ukipenda. Ni miksa, yaani kichanganya sauti, iliyo ndani ya kompyuta. Kila sauti inayoingia ina vitufe A1, A2, A3, B1 na B2. Za A hutoka kwenye vifaa unavyovishika. Za B programu nyingine huziona kama maikrofoni.

Kwangu A1 ni hedifoni. A2 ni kadi ndogo ya sauti ya USB niliyonunua Kariakoo, inayoingia kwenye miksa ya turubaini. B1 inakwenda OBS, programu ninayorushia YouTube. B2 ndiyo maikrofoni ya Zoom. Sauti ya kijana nikaiwashia A1, A2 na B1, nikazima B2. Sauti ya sheikh nikaiwashia A1, B1 na B2, nikazima A2, maana tayari iko kwenye spika.

Hapo nilidhani nimemaliza, kumbe miksa ya turubaini nayo ilikuwa inanirudishia sauti ya kijana pamoja na ya sheikh. Nikahamia kuchukua sauti kwenye AUX yake, njia ya pembeni ambayo kila chaneli ina kitufe chake cha kuzungusha, na AUX ya chaneli ya laptopu nikaizungusha hadi sifuri. Ukisahau hii, kazi yote ya kwenye kompyuta ni bure. Vifaa vyote nikaviweka kiwango kimoja cha sampuli za sauti, hezi 48,000, kwa sababu kimoja kilikuwa 44,100 na sauti ilikwaruza.

Ikabaki sauti inayotoka spika na kuingia maikrofoni kwa hewa. Hiyo hakuna programu ya kuitegemea: spika tulizigeuza, na dogo wa miksa akawa anaishusha maikrofoni ya sheikh kila kijana anapoongea.

Siku ya arobaini tulijaribu saa mbili asubuhi, kwao saa saba usiku. Kijana alikesha. Akahesabu moja hadi ishirini, nikamuuliza kama anajisikia. “Hapana kaka, nawasikia nyinyi tu.”

Baadaye aliongea dakika kumi na moja mfululizo, akamtaja baba yake, akaomba dua. Alipomaliza, mama akanyoosha mkono apewe maikrofoni.

“Nimekusikia vizuri, baba. Umekula?”