Ndimi, simi

"Mama, ndimi si wingi wa ulimi?"

Mwanangu aliniuliza hivyo juzi, kidole chake kikiwa juu ya prufu, kurasa za kusahihisha kabla ya kuchapwa, za tafsiri yetu ya Richard wa Pili, tamthilia ya Shakespeare, nilizozitandaza mezani. Nikamwambia ndiyo, ni wingi wa ulimi, na tena ni "ndiye mimi". Akaridhika, akaenda zake. Mimi nikabaki na ile jioni tuliyosoma Tendo la 4 kwa sauti.

Kipande chenyewe, pale mfalme Richard anapovua taji, kina mambo yake. Tamthilia ilichapishwa mwaka 1597, ikarudiwa mara mbili mwaka 1598, na katika chapa zote hizo mfalme havui taji mbele ya bunge. Sehemu hiyo ilitokea katika chapa ya 1608, Malkia Elizabeth wa Kwanza akiwa ameshafariki miaka mitano. Mfasiri anayeshika chapa ya kwanza peke yake anaukosa moyo wa mchezo. Sisi tulifuata ya 1597, lakini hapo tukahamia chapa kubwa ya 1623, mkusanyo wa tamthilia za Shakespeare, maana ile ya 1608 mistari yake imevurugika.

Bolingbroke, anayeutwaa ufalme, anamuuliza Richard: uko radhi kulivua taji? Tulikataa "kujiuzulu", neno la barua na ofisi. Taji huvuliwa, kama kilemba. Richard anajibu kwa maneno manne madogo: ndiyo, la, la, ndiyo. Ila katika Kiingereza chake "ay" ya kukubali na "I" ya mimi zinasikika sawasawa, na chapa ya 1623 inaziandika zote kwa herufi moja, I. Kwa hiyo anayesikiliza anasikia pia: mimi, hapana, hapana mimi. Ukiandika "ndiyo, la" peke yake umefasiri jibu, na mtu mwenyewe umemwacha nje.

Kiswahili kina ndiyo na siyo, kina pia ndimi na simi. Mstari wa Kiingereza una silabi kumi, ambazo hazitutoshi kwa sababu maneno yetu ni marefu, ndiyo maana tulichukua mizani kumi na sita, nane kwa nane. Nikaandika:

Ndiyo, siyo, ndimi, simi, sina budi kutokuwa.

Tulikuwa sita, tumekaa mikekani, feni imezimwa ili sauti isipotee. Nafasi ya Richard alisoma mwalimu mmoja mstaafu. Taji letu lilikuwa kawa la ukindu lililotoka jikoni, na mzee alilishika upande mmoja, kijana aliyesoma Bolingbroke akashika upande wa pili, kama maandishi yanavyotaka. "Twaa taji, binamu." Baba zao wote wawili ni wana wa Edward wa Tatu, kwa hiyo neno binamu hapa limetua kamili: mwana wa ami.

Mzee akasoma mstari wangu. Kijana akainua uso, mkono haujaachia kawa.

"Ndimi za nani, mzee?"

Alikuwa amesikia ndimi za vinywani, na kwa dhati alikuwa anangojea kuambiwa za nani. Mzee hakumjibu. Akaweka karatasi chini, akamtazama usoni, akavuta kawa kidogo upande wake, akasema polepole bila kusoma:

"Ndiyo, siyo, simi, ndimi."

Kijana akaachia kawa.

Sijui kama mzee aligeuza kwa makusudi. Ninachojua ni kwa nini ilikubali. Sikio likikutana na ndimi kwanza halina pa kushika, linakwenda kwenye ulimi. Simi haichanganywi na ulimi. Ikitangulia, ndimi inayofuata haipotezi mtu. Tena mpangilio wa Shakespeare ukarudi mahali pake: kukubali, kukataa, kukataa, kukubali. Mimi nilipanga jozi zifanane, nikauvunja ule mgeuko wa katikati ambao ndio kigugumizi cha mfalme. Nikafuta, nikaandika upya palepale mkekani.

Yaliyobaki ya jioni ile tuliyamaliza haraka, kioo ambacho Richard hukivunja mchezoni kikavunjwa, tukanywa chai.

Lakini mstari unaofuata haujatulia mpaka leo. Uko hivi:

'Siyo' basi sina tena, wewe taji umepewa.

Kina kimekaa: kutokuwa, umepewa. Mizani imetimia. Ila Richard anasema yeye ndiye anayelitoa, na onyesho lote ni ubishi juu ya hilo, kama ametoa au amenyang'anywa. Nikiandika "kwako nimeliachia", mizani ni nane na mtoaji anaonekana, lakini kina kinakufa, na Kiingereza chake mistari hiyo miwili ina vina. Nimebadilisha mara nne.

Prufu zinarudi kwa mchapaji Ijumaa. Pembeni ya "umepewa" penseli yangu imeandika: na nani?